Jino la mtoto bila bima: jua bei kabla hajakaa kitini

Leo tuzungumze kuhusu pesa na meno ya watoto. Ni jambo linalowatesa wazazi wengi hapa Pwani, na huwa hatulitaji mpaka usiku ule mtoto analia na karafuu imeshindwa kumtuliza.

Wengi wetu hatuna bima ya kazini. Mvuvi, muuza viazi karai, dereva wa tuktuk, kibarua wa bandarini, wote hutoa mfukoni. Tangu Oktoba 2024 NHIF iliondoka ikaingia SHA, na asiye na ajira rasmi huchangia kulingana na kipato chake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Lakini kusajiliwa SHA ni jambo moja, na jino la mwanao kulipiwa ni jambo jingine. Uliza dirishani, kabla ya kuingia ndani, ni huduma gani ya meno inayolipiwa katika hospitali hiyo na ipi utailipia mwenyewe.

Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu na mwanawe wa miaka minne kwenye kliniki moja ya kibinafsi. Magego mawili yalikuwa yameoza. Hesabu ilikwenda hivi: kumuona daktari shilingi 1,000, picha ya eksirei 800, kuziba gego la kwanza 3,000. Gego la pili lilikuwa limeoza hadi kwenye kiini. Kulisafisha kiini na kulivisha kofia ya chuma kukawa 9,500. Jumla ni 14,300. Bei hizo alitajiwa mtoto akiwa ameshalazwa kitini, mdomo wazi. Mzazi gani atasema hapo, "Shuka mwanangu, twende kwingine tukaulize"? Dada aliomba simu, akakopa kwenye chama.

Bei hutofautiana kutoka kliniki moja hadi nyingine, lakini itazame tena risiti hiyo. Magego yale mawili ni ya mtoto mmoja, kinywa kimoja, siku moja. Lililowahiwa liligharimu 3,000. Lililochelewa liligharimu zaidi ya mara tatu. Gharama ya meno hupanda kama ngazi. Chini kabisa ni kukaguliwa na kupakwa dawa ya floraidi. Kisha kuziba tundu dogo. Kisha kutibu kiini na kuvisha kofia. Juu kabisa ni mtoto mdogo mwenye meno mengi mabovu, ambaye hawezi kutulia na inabidi apigwe nusu kaputi hospitalini. Huko hesabu huwa ya makumi ya maelfu. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kama walikuwa wakilitazama gego la mtoto.

Najua jibu la wazee wetu: "Hayo ni meno ya utoto, yatatoka yenyewe." Ni kweli yatatoka, lakini lini? Mtoto huwa na meno 20 ya utoto. Ya mbele huanza kung'oka akiwa na miaka sita hivi, ila magego hubaki hadi miaka 10 au 12. Gego linalouma akiwa na miaka minne lina kazi ya miaka sita au minane mbele yake. Likiachwa, usaha huweza kuingia kwenye taya, uso ukavimba, na hapo ni dharura. Likitolewa mapema, meno ya jirani huegemea kwenye pengo na jino la ukubwani hukosa njia. Tena akifikisha miaka sita, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya yote bila jino lolote kutoka. Wazazi wengi hulidhania la utoto, na kumbe hilo halina mbadala.

Sasa mwenye kipato kidogo afanye nini? Kwanza, asisubiri maumivu. Madaktari wanashauri mtoto aonwe mara ya kwanza kabla hajatimiza mwaka. Ziara ya kukagua tu ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Hospitali za serikali zenye idara ya meno huwa na bei ya chini kuliko kliniki za kibinafsi. Weka pembeni nauli na siku ya foleni, ufike asubuhi mapema.

Pili, uliza maswali matatu kabla mtoto hajakaa kitini. Kumuona daktari ni pesa ngapi, na je, eksirei imo ndani yake? Meno yote yanayohitaji kazi yatagharimu kiasi gani kwa jumla, na lipi haliwezi kungoja? Kuna njia ya bei nafuu inayofaa? Kwa mfano, iko dawa ya maji yenye madini ya fedha, ambayo hupakwa kwenye tundu na kusimamisha uozo bila kuchimba jino. Hulifanya jino kuwa jeusi, lakini Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Muulize daktari kama anayo na kama inalifaa jino la mwanao. Omba pia kulipa kwa awamu. Hakuna aibu kuuliza, pesa ni zako.

Tatu, jihadharini na wang'oaji wa vichochoroni. Daktari wa meno nchini Kenya lazima asajiliwe na baraza la KMPDC, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye sajili yao mtandaoni.

Nne, yaliyo ndani ya nyumba zetu hayahitaji bima. Mtoto asilale na chupa ya maziwa ya sukari au chai mdomoni. Mabuyu, kashata na juisi ziliwe pamoja na chakula, zisiwe za kutafunwa kutwa nzima, kwani kila mara sukari inapoingia kinywani jino hushambuliwa upya. Mpige mswaki mwenyewe, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi. Chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Kuanzia mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Sisi ambao Mtume wetu (s.a.w.) alituhimiza sana mswaki hatupaswi kuwa wa mwisho katika hili.

Wikendi hii, mwangazie mwanao tochi ya simu kinywani. Ukiona doa jeupe karibu na ufizi, au tundu la rangi ya kahawia, mpeleke wiki hiyo hiyo, wakati jino lingali kwenye ngazi ya chini.

Wabillahi tawfiq.