Mshenga wa Kompyuta: Seva ya Kufikia Kompyuta kwa Mbali na Matumizi ya Kontena

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi idara ya chuo inavyoweza kujiwekea yenyewe seva ya kufikia kompyuta kwa mbali, kwa kutumia teknolojia iitwayo kontena. Kufikia kompyuta kwa mbali ni kuiona skrini ya kompyuta iliyo mahali pengine na kuitumia kana kwamba mtu ameketi mbele yake: kipanya husogezwa Mombasa, faili likafunguka Dar es Salaam. Jambo lenyewe si geni. Mfumo wa X ulianzishwa katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1984, na VNC ilitokana na maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1990. Kilichobadilika ni kwamba kompyuta mbili zinazozungumza leo aghalabu haziko katika jengo moja, na baina yao husimama mtu wa kati. Swali linalotushughulisha ni hili: mtu huyo wa kati awe wa nani?

Kwa mtafiti wa fasihi simulizi au isimu-jamii swali hili si la mafundi peke yao. Katika kompyuta za idara mna kanda za wazee waliosimulia mambo ya jamaa na majirani zao kwa kuwaamini waliowauliza. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Lakini hata pasipo sheria, amana ni amana.

Mfano tutakaoutumia ni RustDesk, programu huria ambayo seva yake ina sehemu mbili, hbbs na hbbr.

2.0 Mshenga na Tarishi

Kompyuta nyingi za nyumbani na ofisini hazina anwani inayojulikana katika intaneti. Zimejificha nyuma ya ruta, na ruta moja huzisemea zote kwa anwani moja. Kompyuta ya ndani yaweza kubisha hodi kwa wengine, ila wa nje hawawezi kubisha kwake, kwa kuwa ruta haijui hodi hiyo ni ya nani.

Hapo ndipo inapohitajika hbbs, ambayo kazi yake ni ya mshenga. Kila kompyuta hujiandikisha kwake kwa namba, na kila mara humpelekea habari kwamba ingali hai. Ruta inapopitisha pakiti kwenda nje, huiacha njia ya majibu wazi kwa muda mfupi. Mshenga, akiwa amekwisha kuona kila upande unatokea anwani gani, huwaambia wote wawili, nao hutumiana pakiti kwa wakati mmoja. Pakiti itokayo ya huyu humfungulia njia pakiti iingiayo ya yule. Wakishakutana, mshenga hukaa kando.

Si posa zote zinazokubaliwa, hata hivyo. Zipo ruta zinazobadili namba ya mlango kila zinaposema na mtu mpya, na hizo humfanya mshenga atoe habari isiyofaa. Ikiwa hivyo, pakiti zote hupitia hbbr, ambayo ni tarishi. Barua anazochukua zimefungwa kwa msimbo wa siri baina ya kompyuta mbili zenyewe, kwa hiyo hazisomi. Lakini hujua nani anamwandikia nani, saa ngapi, na barua ina uzito gani. Mwenye seva hujua hayo pia, na hii ndiyo sababu ya msingi ya idara kutaka kuwa na seva yake.

Kuhusu istilahi, neno nililotumia hapa ni mlango. Wako wanaopendelea bandari, kwa kufuata umbo la neno la kigeni. Naona tafsiri hiyo inapotosha, maana hapana meli inayotia nanga: ni mlango wenye namba, unaofungwa au kufunguliwa. hbbs huhitaji milango 21115 na 21116, huu wa pili kwa itifaki za TCP na UDP zote mbili; hbbr huhitaji 21117. Milango 21118 na 21119 ni ya wanaotumia kivinjari, na pasipo haja yao ifungwe.

Seva yenyewe lazima iwe na anwani inayofikika kutoka nje. Mitandao mingi ya simu huwagawia wateja wengi anwani moja, hivyo kompyuta iliyounganishwa kwa njia hiyo haifai kuwa mshenga. Yeye mwenyewe atahitaji mshenga.

3.0 Kontena au Chumba?

Docker, programu iliyoyaeneza matumizi ya kontena, ilionyeshwa hadharani mwaka 2013. Jina linatokana na makasha ya chuma tunayoyaona katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, ambayo safari yao ya kihistoria ni ile ya mwaka 1956, meli Ideal X ilipobeba makasha 58 kutoka Newark hadi Houston. Sitiari hiyo ina ukweli wake: winchi haiulizi ndani mna nini, mradi kasha lina vipimo vinavyokubalika. Vivyo hivyo programu hufungashwa pamoja na vyote inavyovitegemea katika kinachoitwa taswira, na taswira ikiendeshwa kwenye mashine yoyote inayofaa huwa kontena.

Lakini sitiari inapotosha katika jambo la kuta. Kontena za Docker katika mashine moja hutumia kiini kimoja cha Linux. Kiini huiwekea kila kontena mipaka ya kile inachoweza kuona na kiasi cha kumbukumbu na nguvu inachoweza kula. Kwa hiyo mfano ulio karibu zaidi ni vyumba vya nyumba ya kupanga: kila mpangaji ana mlango wake, ila paa ni moja na msingi ni mmoja. Msingi ukiwa na ufa, ufa ni wa wote. Kadhalika, aliyeingizwa katika kundi la watumiaji wa Docker kwenye mashine ana uwezo sawa na wa msimamizi mkuu, na wengi hupewa ruhusa hiyo bila kufikiriwa.

Mfano huu unaeleza pia kwa nini hbbs, katika Linux, mara nyingi huachwa itumie mtandao wa mashine moja kwa moja. Ikifungiwa chumbani na kuwekewa bawabu, huenda ikaona uso wa bawabu badala ya nyuso za wageni. Na mshenga asiyejua wachumba wanatokea wapi hana kazi.

4.0 Ufunguo

hbbs inapoanza kwa mara ya kwanza hutengeneza funguo mbili, wa siri katika faili id_ed25519 na wa hadharani katika id_ed25519.pub. Kompyuta inapomtafuta mwenzake, hbbs hutia saini namba ya anayetafutwa pamoja na ufunguo wake. Anayetafuta huikagua saini kwa ufunguo wa hadharani wa seva aliokwisha kuwekewa. Pasipo ukaguzi huo, mtu mwingine angeweza kujitia katikati na kujifanya ndiye anayetafutwa.

Kontena ikifutwa, yaliyoandikwa ndani yake hufutika nayo. Ikiwa saraka ya funguo haikuunganishwa na diski ya mashine yenyewe, basi siku taswira itakapobadilishwa kwa toleo jipya seva itazaliwa na funguo mpya, na kila kompyuta ya idara italazimika kuwekewa ufunguo upya, mojamoja. Kinyume chake ni kibaya zaidi: aliyeiba ufunguo wa siri aweza kutia saini kwa jina la mshenga.

Yafaa nakala ya funguo iwekwe katika diski isiyounganishwa na mtandao, na ijulikane iko mikononi mwa nani. Na kwa kuwa mshenga huonyesha njia tu, bila kuamua nani aingie, kila kompyuta inayoachwa wazi kwa watafiti walio mbali ihitaji nywila yake yenyewe, ndefu, isiyotumika penginepo, inayobadilishwa kila mwenye kuijua anapoondoka idarani.