Kisu cha Mfukoni: Kwa Nini Chembamba Ndicho cha Kazi

Mnunuzi wa kisu cha kukunja huanza kwa kukipima uzito mkononi. Kikiwa kizito na bapa lake nene, huridhika kwamba amepata kisu cha kazi. Kikiwa chepesi na chembamba, hukirudisha kwa muuzaji akidhani ni pambo. Fizikia ya ukataji inasema kinyume. Kwa kazi za kila siku, yaani kumenya chungwa, kukata kamba, kufungua boksi au kuchonga kijiti, wembamba unaokifanya kisu kipendeze machoni ndio huohuo unaokifanya kikate.

Chukua muhogo mbichi uliokwisha menywa na visu viwili vilivyonolewa sawasawa, kimoja mgongo wake una unene wa milimeta 2, kingine milimeta 4. Anza na chembamba. Kitashuka taratibu hadi chini, na uso wa muhogo utabaki laini. Kile kinene kitaingia kidogo, kitakwama, na ukikazana muhogo utapasuka kwa kishindo. Ukitazama utaona ufa umekimbia mbele ya kisu na nyuso zimeparuzika. Makali ya visu vyote viwili yalifanya kazi yake katika sehemu ndogo ya kwanza ya milimeta. Baada ya hapo, kinachopita ni kabari, na kabari pana inahitaji nguvu kubwa kusukuma pande mbili za kitu zitengane.

Unene una faida yake, wala siyo ndogo. Ukinzani wa bapa dhidi ya kupinda hukua kwa mchemraba wa unene: ongeza unene mara mbili, ukinzani huongezeka mara nane. Hiyo ni faida kwa anayebanduabandua vitu kwa kisu. Lakini kisu cha kukunja si mtaimbo, na atakayekitumia hivyo atavunja ncha au bawaba hata bapa liwe nene kiasi gani.

Kwa maoni yangu, hakuna kisu kinachoonyesha jambo hili vizuri kuliko Opinel ya Savoie, kwenye milima ya Alpi ya Ufaransa. Joseph Opinel alikuwa mtoto wa mhunzi wa shoka na visu vya kupogolea miti, na mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 18 hivi, alianza kutengeneza kisu cha wakulima wa jirani: bapa jembamba, mpini wa mbao na pini moja. Mwaka 1897 alikitoa kwa saizi 12, namba 1 hadi namba 12. Kilicho maarufu kuliko vyote ni namba 8, chenye bapa la sentimeta 8.5 na uzito usiofika gramu 60. Mwaka 1985 jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London lilikiweka kwenye orodha ya vitu 100 vilivyosanifiwa vizuri zaidi duniani, na hadi leo wafugaji hukitumia kukatia jibini.

Ukikiangalia kwa karibu utaona kwamba pande za bapa hazikunyooka tambarare. Zina mbinuko mdogo sana, zikishuka polepole kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Mbinuko huo huacha chuma kidogo cha ziada kinachoyashikilia makali kwa nyuma, na papo hapo hupunguza eneo la bapa linalogusana na kitu kinachokatwa, kwa hiyo kipande cha viazi hakigandi sana ubavuni. Mpini nao umevimba katikati, ukapinda kidogo na kupanuka kitakoni, ili kiganja kipate pa kuegemea unapovuta kisu kuelekea kwako. Sioni mahali pa kuongeza urembo wala pa kuupunguza.

Udhaifu wake uko kwenye mbao. Mbao ikinyonya maji hutanuka kukata nyuzi zake, wala si kwa urefu wake, kwa hiyo mpini uliolowa hulibana bapa hadi kucha ishindwe kulifungua. Watu wa Savoie wana dawa yao: hushika kisu kikiwa kimefungwa na kugonga kitako cha mpini juu ya meza, na bapa huchomoza kiasi cha kushikwa kwa vidole.

Tuje kwenye chuma chenyewe. Bapa linatakiwa liwe na sifa mbili zinazovutana. Ugumu hukataa kubonyea na kukwaruzika, na ndio unaotunza makali. Ustahimilivu hukataa kuvunjika. Chuma cha pua chenye kaboni kikipashwa moto kupita nyuzijoto 750 hivi za Selsiasi, atomi za kaboni huingia kati ya atomi za chuma. Ukikizamisha ghafla kwenye mafuta au maji, kaboni hukosa muda wa kutoka, hunaswa humo na kukaza mpangilio mzima. Muundo huo unaitwa martensaiti, kwa kumkumbuka Mjerumani Adolf Martens. Ni mgumu ajabu, na hukatika kama kioo. Ndiyo maana fundi hulirudisha bapa kwenye moto wa wastani, mara nyingi karibu na nyuzi 200, ili sehemu ya mkazo ilegee. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayotofautisha kisu bora na kibovu, wala haionekani kwa macho.

Viwanda hupima ugumu kwa kipimo cha Rockwell: koni ya almasi hugandamizwa juu ya chuma kwa mzigo wa kilo 150, kisha kina cha shimo hupimwa. Visu vya Victorinox vya Uswisi hufikia takribani 56, na vyuma vya bei ghali hupita 60. Namba kubwa humaanisha makali yanayodumu, ila pia makali yanayomeguka badala ya kupinda.

Kumeguka huko kunaletwa hata na vitu laini. Mwaka 2020 watafiti wa MIT nchini Marekani walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa nyembe za kunyolea. Unywele ni laini kuliko chuma kwa takribani mara 50, lakini waliona unywele ukimegua vipande vidogo vya makali. Hilo hutokea unywele unapopinda na kuyasukuma makali kwa upande, pale ambapo chembe ngumu na laini za chuma zimekaa bega kwa bega. Kwa hiyo ugumu peke yake hautoshi; muundo wa ndani unapaswa ulingane kote. Hapo ndipo vyuma vya unga vilipopata soko. S30V, kilichotolewa na kampuni ya Crucible ya Marekani mwaka 2001, hutengenezwa kwa kupuliza chuma kilichoyeyuka kiwe unga, kisha kuushindilia ukiwa moto, ili chembe ngumu ziwe ndogo na zitawanyike sawasawa. Ni chuma kizuri, lakini baadhi ya chembe zake, zile za vanadiamu, ni ngumu kuliko kinoo cha kawaida. Asiye na kinoo cha almasi atateseka nacho. Kisu kinachonoleka nyumbani kwa dakika chache kina thamani kuliko kinachosubiri mtaalamu.

Kuhusu kutu, historia inarudi Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika upesi, akachanganya kromiamu ya karibu asilimia 13, akagundua kwamba siki haikiharibu chuma hicho. Watengenezaji wa visu hawakumpokea vizuri. Walimwita mvumbuzi wa visu visivyokata. Siri ilikuwa kwenye moto: chuma chenye kromiamu nyingi kinahitaji joto kubwa zaidi kabla ya kuzamishwa.

Kromiamu hufanya kazi kwa kujivika utando wa oksidi wenye unene wa nanometa chache, na utando ukikwaruzwa hujifunga wenyewe maadamu kuna oksijeni. Chumvi ndiyo adui yake. Kloridi iliyomo katika maji ya bahari hupenya utando huo mahali padogo padogo na kuchimba vishimo, kwa hiyo mtu wa Tanga, Lamu au Unguja asiamini kabisa neno “hakishiki kutu”. Akisuuze kisu kwa maji baridi, akikaushe, apake tone la mafuta kwenye bawaba. Na asiitegemee tu asilimia iliyoandikwa: kaboni ikiwa nyingi huifunga kromiamu ndani ya chembe ngumu, na inayobaki huru kujenga utando hupungua. Chuma kiitwacho D2 kina kromiamu ya karibu asilimia 12 na bado hushika kutu.

Bapa la kaboni lisilo na kromiamu lina uzuri wake. Menya nalo ndizi mbichi, litageuka bluu, kisha jeusi, kwa sababu tanini za utomvu huungana na chuma, kemia ileile iliyotengeneza wino wa zamani. Weusi huo hupunguza kasi ya kutu nyekundu. Usiukwangue.

Kilichobaki ni komeo, na hapa hesabu ya wenzo haina huruma. Chukua bapa la sentimeta 8.5 lililozuiwa milimeta 5 tu kutoka kwenye pini ya bawaba. Ukisukuma ncha kwa nguvu ya kilo 5, kizuizi hupokea kilo 85. Opinel za mwanzo hazikuwa na komeo. Mwaka 1955 Marcel Opinel, mtoto wa Joseph, alibuni pete ya chuma yenye mwanya, unayoizungusha kwa dole gumba ili mwanya uondoke nyuma ya bapa. Kabla ya kulipa pesa kwa kisu chochote, kifungue, ushike bapa mgongoni na ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, kirudishe.

Komeo hilohilo linaweza kukupeleka mahakamani. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, mtu anaruhusiwa kutembea hadharani na kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 bila kutoa sababu, lakini mahakama zimeamua kwamba kisu chenye komeo hakiingii kwenye ruhusa hiyo. Kwa ndugu anayeishi London au Leicester, ningemchagulia Victorinox ndogo inayoshikiliwa na springi tu. Wa Mombasa au Dar es Salaam, Opinel namba 8 ya chuma chenye kromiamu. Wa bara pakavu, Dodoma kwa mfano, anayependa kunoa, achukue ya kaboni. Na yeyote apandaye ndege akiweke kwenye mzigo wa chini, kwani begi la mkononi likikutwa nacho, kitabaki mezani kwa wakaguzi.