Maabara hujuaje kama ni moyo au paja?

Msomaji wa Moshi ameniandikia baada ya mbio za Kilimanjaro. Mdogo wake alikimbia kilomita 42, jioni akawa hoi, kifua kinabana na miguu haitaki kukanyaga chini. Hospitalini wakamtoa damu. Majibu yaliporudi, daktari akasema misuli ya miguu imeumia sana, lakini moyo uko salama. Msomaji anauliza: "Paja ni msuli, moyo nao ni msuli, na damu ni hiyo hiyo moja. Daktari alijuaje?"

Swali zuri mno. Jibu lake limefungwa ndani ya hataza zilizosajiliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, na kwangu hizo ni miongoni mwa hataza zenye akili nyingi kuliko zote katika tiba.

Ya msingi nayapita haraka. Seli ya msuli ikipasuka, protini zake huvujia kwenye damu. Mwaka 1954 watafiti wa New York walionyesha kwamba kuna kimeng'enya kinachopanda kwenye damu baada ya shambulio la moyo, kisha kikaja kimeng'enya kingine, kreatini kinesi, ambacho madaktari walikitegemea kwa miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba misuli yote inacho. Hata aina yake iitwayo MB, ambayo moyo unayo kwa wingi, imo kidogo miguuni, na miguu ni mikubwa. Mkimbiaji akimaliza marathoni, hicho kidogo cha miguuni kinatosha kumtia daktari wasiwasi bure.

Tuje kwenye troponini. Setsuro Ebashi na wenzake waliigundua Tokyo katika miaka ya 1960. Ni vipande vitatu vilivyoshikamana: C hushika kalsiamu, I huuzuia msuli usikaze kabla ya wakati, na T huviunganisha vyote na uzi wa tropomayosini. Kipande C hakitusaidii, kwa sababu moyo na nyuzi za polepole za miguu hutumia kile kile. Ila I na T ya moyo hutengenezwa na jeni za peke yake, tofauti na zile za miguu. Hapo ndipo pa kushika.

Namna ya kushika ndiyo inayonifurahisha, na naomba nafasi niieleze kwa kanga.

Chukua kanga mbili za kiwanda kimoja. Pindo ni lile lile, mji una korosho zile zile, rangi haziachani. Kinachozitenganisha ni jina lililoandikwa chini. Troponini I ya moyo na ya mguu zimefanana kwa sehemu kubwa namna hiyo, lakini ya moyo ina kipande cha ziada mwanzoni, asidi amino zipatazo 30, ambacho ya mguu haina kabisa. Hilo ndilo jina. Mtu angedhani kazi imekwisha: tafuta kanga zenye jina hilo, uzihesabu, umwandikie daktari. Lakini kanga zikitoka kabatini hazibaki nzima. Troponini ikishaingia kwenye damu, vimeng'enya huikatakata, na sehemu inayowahi kuchanwa ni ile ile yenye jina. Anayetafuta jina peke yake atazipita kanga nyingi za moyo akizidhania za mguu. Kinachodumu ni mji, kuanzia kama asidi amino ya 30 hadi ya 110, kwa sababu hapo kipande C kimeikumbatia I na kuikinga. Ndiyo maana wavumbuzi walilazimika kuurudia mji na kuukagua doa kwa doa. Wakaona kumbe korosho za moyo si zile zile za mguu: hapa jani limeelekea kushoto, pale kuna nukta imezidi. Tofauti hizo zinatosha kabisa, ukiwa na jicho la kuziona.

Jicho hilo ni kingamwili, na si kingamwili yoyote. Wapo wanaoandika "kingamwili za monoklono". Mimi nashikilia kingamwili za ukoo mmoja, maana zote huzalishwa na uzao wa seli moja na zote hutambua doa moja tu, bila kuchoka wala kubadili mawazo. Georges Köhler na César Milstein waligundua jinsi ya kuzizalisha mjini Cambridge mwaka 1975, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Mbinu yao haikusajiliwa hataza. Njia kuu ilibaki wazi kwa dunia nzima, na hataza za baadaye zikajengwa kandokando yake.

Kipimo hutumia kingamwili mbili. Ya kwanza imegandishwa ukutani mwa tyubu. Damu ikimiminwa, kingamwili hiyo inanasa kanga kwa doa lake. Unasuuza. Unaleta ya pili, iliyobebeshwa kimeng'enya au kemikali ya kutoa mwanga, nayo haiweki alama mpaka ione doa lake yenyewe, mahali pengine kwenye kanga ile ile. Unasuuza tena. Mwanga au rangi inayobaki ndiyo kiasi cha troponini. Shahidi mmoja anaweza kukosea. Mashahidi wawili wasioangalia mahali pamoja hawakosei kirahisi.

Jinsi jambo hili lilivyo nyeti, waliliona watafiti wa Heidelberg. Hugo Katus na wenzake walichapisha mwaka 1989 kipimo cha troponini T. Kingamwili yao ya kunasa ilikuwa ya moyo kwelikweli, lakini ile ya kuweka alama haikuchagua vya kutosha. Troponini T ya miguuni ikawa inajigandisha yenyewe ukutani mwa tyubu, bila kunaswa na yeyote, kisha inawekewa alama kana kwamba ni ya moyo! Toleo la pili lilibadilisha shahidi wa pili, tatizo likaisha. Huko St. Louis, Jack Ladenson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington wakaja na kipimo cha troponini I mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Hataza za vipimo hivi zina athari ambayo wagonjwa wanaishi nayo hadi leo. Kwa sababu ya haki za hataza, kipimo cha troponini T kilibaki kwa kampuni moja, Boehringer Mannheim na baadaye Roche iliyoinunua, kwa hiyo namba zake zinalingana kutoka maabara hadi maabara. Troponini I ilienda kwa watengenezaji wengi, kila mmoja na kingamwili zake na doa lake, na namba za mmoja hazilinganishwi na za mwingine. Ukipimwa leo huku na kesho kule, uliza ni mashine gani. Mimi naona hili ni jambo la kuandikwa kwenye cheti cha majibu kwa herufi kubwa.

Vipimo vya sasa husoma nanogramu 14 kwa lita, kiasi ambacho ndicho mpaka wa kawaida wa troponini T. Nanogramu moja ni sehemu ya bilioni ya gramu. Kwa ukali huo, hata mtu mwenye afya huonekana na kiasi kidogo, na wakimbiaji wengi hupanda baada ya marathoni kisha hushuka siku chache baadaye. Figo zikiugua nazo huipandisha, kwa hiyo daktari hupima mara mbili, kwa kupisha saa kadhaa, na kutazama kama inapanda au imetulia. Kwa mdogo wa msomaji wangu, naamini ilikuwa imetulia.

Moshi hiyo hiyo ina sababu ya kuijali troponini. Watafiti waliowapima kwa kipimo hiki, pamoja na kile cha umeme wa moyo, wagonjwa wa maumivu ya kifua na kukosa pumzi waliofika hospitali ya KCMC, walikuta mashambulio mengi ya moyo yaliyokuwa hayajatambuliwa.

Upande wa pili nao umeingia kwenye hataza: kutafuta makusudi troponini I ya misuli ya viungo. Hii ina aina mbili, ya nyuzi za kasi na ya nyuzi za polepole, na kila moja ina jeni yake. Kwa hiyo tone la damu linaweza kusema si tu kwamba mguu umeumia, bali ni nyuzi zipi zilizoumia. Kazi ya kushusha uzito, kama kuteremka mlima mbio, huzichana zaidi zile za kasi, na troponini yake ndiyo inayopanda kwenye damu huku ya polepole ikibaki palepale.