Kwenda Zanzibar kwa Boti: Kitambulisho Chatosha kwa Mtanzania

Mkazi wa Ipogolo, mkoani Iringa, anayesafiri takriban kilomita 500 hadi Dar es Salaam ili apande boti ya Zanzibar hahitaji pasipoti, kwa kuwa hatoki nje ya Jamhuri ya Muungano. Achukue kitambulisho, hasa cha Taifa, na jina lililo kwenye tiketi lilingane nacho.

Sharti hilo lisionekane usumbufu. MV Spice Islander I ilipozama Septemba 10, 2011, ilikuwa imebeba abiria kupita uwezo wake, na orodha haikuwa na majina ya wote.

Pasipoti, ambayo ada yake ni Shilingi 150,000, huombwa Idara ya Uhamiaji na anayevuka bahari kwenda nchi nyingine, mathalani Komoro. Maombi huhitaji namba ya NIDA. Asiye nayo aanzie huko.