Umebadilisha Diski, Kompyuta Mpakato Haiwaki: Tuanzie Wapi?

Waseminari wengi, na hata ofisi za parokia, siku hizi huondoa diski ya zamani yenye sahani inayozunguka na kuweka SSD. Sababu inaeleweka. Kompyuta iliyochukua dakika kadhaa kuwaka sasa huwaka kwa sekunde chache. Tena SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo huvumilia zaidi mtikisiko wa pikipiki na barabara zetu. Lakini mara nyingine, skrubu ya mwisho ikishafungwa, kompyuta hukataa kuwaka. Hapo ndipo wengi hufanya haraka na kupoteza kazi ya miaka.

Tuanze na jambo lililo kubwa kuliko yote: diski ya zamani isifutwe, isifomatiwe, wala isipewe mtu mwingine mpaka ile mpya imefanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa. Ndani yake mna tasnifu, maandalizi ya mafundisho, na pengine nakala ya daftari za ubatizo na ndoa ambazo katibu wa parokia amezichapa kwa miezi mingi. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaitaka kila parokia iwe na daftari hizo na kuzitunza. Daftari la karatasi bado liko kabatini, lakini kulichapa upya si kazi ya siku moja.

Diski hiyo ndiyo pia kipimo chetu cha kwanza. Zima kompyuta, chomoa chaja, ondoa betri au chomoa waya wake, gusa chuma kisichopakwa rangi ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha irudishe diski ya zamani mahali pake. Kompyuta ikiwaka, ujue mashine ni nzima, na tatizo liko kwenye diski mpya au kilichomo ndani yake. Isipowaka, kuna kitu kimelegea wakati wa kufungua. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi. Msomaji aliyeko Kitanga atajua, kabla ya kupanda gari kwenda kwa fundi Kasulu mjini, anakwenda kutengenezewa nini.

Baada ya hapo, tazama dalili. Ziko nne.

1. Hakuna taa wala feni. Hapa umeme haufiki. Chomoa chaja na betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 bila kuachia, kisha jaribu kwa chaja peke yake. Ikiwa betri iko ndani, hakikisha waya wake umerudishwa hadi mwisho. Angalia pia mkanda mwembamba wa kitufe cha kuwashia, maana katika kompyuta nyingi huchomoka kifuniko kinapoinuliwa.

2. Taa zinawaka, skrini ni nyeusi, au unasikia milio. Mara nyingi ni kadi ya RAM iliyosogea. Itoe, ifute kwa kitambaa kikavu na safi, irudishe mpaka vishikio vyake vibane pande zote mbili. Kama kuna milio, ihesabu na uiandike, kwa sababu kila kampuni huitumia kutaja kifaa chenye kasoro.

3. Nembo ya kampuni inaonekana, kisha yanatokea maneno "No bootable device". Mashine ni nzima, ila haijapata mahali pa kuanzia. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS: kwa kawaida ni F2 kwa Dell, F10 kwa HP, na F1 au F2 kwa Lenovo. Je, diski mpya imeorodheshwa?

Kama haimo, huenda haikuingia vizuri, au ni ya aina isiyofaa. SSD nyembamba zenye umbo la kipande cha chingamu ziko za SATA na za NVMe. Inaweza kuingia kwenye soketi na bado isionekane, kwa sababu soketi hiyo inapokea aina moja tu. Linganisha na maelezo ya kompyuta yako kabla ya kununua nyingine.

Kama imo, jiulize kama ina Windows. Diski mpya kabisa ni tupu, na haiwezi kuwasha chochote. Ama hamishia nakala kamili ya diski ya zamani, ama weka Windows upya kwa flashi ya GB 8 au zaidi. Kama nakala ilikwisha kuhamishwa, angalia BIOS imewekwa UEFI au Legacy. Windows iliyowekwa kwa njia moja haitawaka kwa njia nyingine. Na kama umeme ulikatika wakati wa kunakili, rudia kazi yote. Kasulu na Kibondo ziliunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli, lakini bado ni busara kunakili betri ikiwa imejaa.

4. Windows inaanza, kisha skrini inakuwa ya buluu. Huenda mipangilio ya BIOS ilijirudisha ya kiwandani. Tafuta sehemu ya SATA. Kama ilikuwa RAID na sasa ni AHCI, irudishe ilivyokuwa. Kama skrini inadai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48, usibahatishe. Utafute kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Bila ufunguo huo, hakuna fundi atakayezifungua data hizo.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, beba diski zote mbili, na mweleze dalili uliyoiona na hatua ulizokwisha kupitia. Kisha mwambie waziwazi kwamba ile ya zamani haifutwi. Tunawashauri pia makatibu wa parokia waweke nakala ya kazi zao kwenye diski nyingine ya nje, na itunzwe katika jengo tofauti na ofisi. Nakala hiyo ifanywe kabla hata bisibisi haijashikwa.