Kahawa ya Meru, msimu kwa msimu

Wapenzi wa wiski wana bahati moja ambayo mnywaji wa kahawa wa Tengeru, chini ya Mlima Meru, hana. Tangu 2002 kiwanda cha Lagavulin, katika kisiwa cha Islay huko Scotland, kimekuwa kikitoa karibu kila mwaka wiski yake ya miaka 12 ikiwa na nguvu ileile iliyotoka nayo pipani, bila kuzimuliwa kwa maji. Mwenye pesa na subira anaweza kupanga mezani chupa za miaka mitano au sita, akazifungua jioni moja na kuonja mwaka huu dhidi ya ule. Wiski ikishazibwa chupani haizeeki tena, kwa hiyo ya 2010 bado ni ya 2010. Kahawa haikupi nafasi hiyo. Ukiweka kikombe cha msimu uliopita kando ya kikombe cha msimu huu, hujalinganisha miaka miwili. Umelinganisha kitu kipya na kitu kilichochakaa.

Hata hivyo ulinganisho unafanyika, tena kila mwaka. Kahawa inayochumwa katika miteremko ya Mlima Meru kuanzia Julai hadi Desemba hukobolewa, hupangwa madaraja, kisha sampuli zake huonjwa kabla ya mnada wa Moshi. Wanunuzi nao wana waonjaji wao. Mtu akisema "Meru ya mwaka huu imeshuka", bei inaweza kumfuata. Swali langu ni dogo: anajuaje? Na aliyeishusha ni nani, mvua au mkono wa mtu?

Tuanze na kuchakaa kwenyewe. Kahawa iliyokobolewa ikiwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12 inaonekana kavu kama kokoto, lakini ndani bado kuna mafuta, sukari na asidi, navyo hubadilika polepole. Katika gunia la katani lenye kilo 60, ghalani, bila kinga ya hewa, uchachu wake mzuri huanza kufifia baada ya miezi kadhaa. Mwaka ukitimia, mwonjaji mzoefu ataijua kabla hajameza: ladha ya nyasi kavu, ya ubao, ya gunia lenyewe. Kahawa iliyobaki ndani ya ganda lake gumu la pili hudumu zaidi, na mifuko isiyopitisha hewa inasaidia sana. Lakini kuizuia kabisa isizeeke ghalani hakuna.

Sasa mbingu. Mibuni ya Meru huchanua hasa mvua za vuli zinapokata ukame, yaani Oktoba na Novemba. Mvua ya kwanza ikishanyesha vizuri, siku kama nane au kumi baadaye mashamba ya Akheri na Nkoaranga huwa meupe chini ya migomba, yakinukia kama yasmini, na baada ya siku mbili tatu maua yamekwisha. Vuli ikija kwa vipande, maua nayo huja kwa vipande, na miezi minane baadaye tawi moja hubeba punje mbivu, mbichi na zilizokaukia mtini kwa wakati mmoja. Hapo mchumaji lazima apite mara nyingi zaidi, na asipopita, zote zinaingia kikapu kimoja.

Kati ya mwezi wa pili na wa nne baada ya ua, punje hutanuka na ukubwa wake unaamuliwa. Kwetu kipindi hicho huangukia Januari na Februari, jua likiwa kali, kabla ya masika. Mwenye mfereji humwagilia. Asiye nao hutazama mawingu. Ndiyo maana wingi wa daraja la AA katika msimu fulani, yaani punje zisizopita kwenye chekeche lenye matundu ya 18/64 ya inchi, karibu milimita 7.1, unakueleza zaidi habari za maji ya Januari kuliko habari za ladha. Watu wengi hapa Arusha bado wananunua AA wakidhani ni cheo cha utamu. Mimi nimekunywa kahawa ya daraja B iliyoipita AA ya shamba hilohilo, na hakuna muujiza wowote hapo, kwa sababu chekeche halina ulimi.

Baridi ndiyo inayogusa ladha moja kwa moja. Katika mwinuko wa mita 1,400 au 1,600, usiku wa Juni na Julai hupoa vya kutosha kuichelewesha punje kuiva, na punje inayochelewa hupata muda wa kujaza sukari na kuhifadhi asidi yake. Uchachu unaofanana na chungwa au pasheni, ambao wanunuzi wanautafuta katika kahawa ya kaskazini, hutoka humo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliopitia takwimu za Tanzania tangu 1961 na kukuta kwamba kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka katika joto la usiku inapunguza mavuno ya arabika kwa takribani kilo 137 kwa hekta. Utafiti huo ulipima mavuno, haukupima kikombe, lakini mkulima wa Meru anayesema usiku si baridi kama zamani anazungumzia jambo hilohilo.

Mti nao una mwenendo wake. Mbuni uliozaa sana mwaka huu mara nyingi hupumzika mwakani, na mti uliolemewa na mzigo hushindwa kulisha punje zote sawasawa. Zaidi ya hapo, miti yenyewe inabadilishwa. Mashamba mengi yalikuwa ya N39 na KP423, mbegu zilizochaguliwa katika kituo cha Lyamungu, wilayani Hai, kilichoanzishwa 1934. Tangu miaka ya 2000 Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, yenye makao yake hapohapo Lyamungu, imekuwa ikisambaza aina chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, na wakulima wanazijua kwa jina la miche ya vikonyo. Kwa hiyo anayesema kahawa ya kijiji fulani si kama ya miaka ishirini iliyopita huenda anasema kweli kabisa, ila mwaka hauna kosa. Kilichobadilika ni mti.

Halafu mikono, na hapa nina msimamo. Naamini sehemu kubwa ya tofauti ambayo watu huitwisha mvua inatoka kwenye mashine ya kumenyea na kwenye kichanja. Julai na Agosti Arusha ni mawingu hadi saa tano asubuhi. Kahawa iliyomenywa jioni huachwa ichachuke usiku kucha ili ute uachie. Kwenye baridi kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko kwenye joto, na mtu anayehesabu saa badala ya kugusa punje ataiosha mapema ikiwa bado inateleza, au ataichelewesha mpaka inuke siki. Kisha ianikwe kwenye kichanja siku kumi hadi kumi na nne au zaidi, igeuzwe, ifunikwe mchana jua likiwa kali sana na usiku kwa ajili ya umande. Ikirundikwa nene wakati wa ukungu, hupata harufu ya uvundo ambayo hakuna mkaangaji atakayeiondoa. Oktoba na Novemba shida hugeuka: vuli inarudi huku kahawa ya mwisho ingali juani. Kijiji kilekile, msimu uleule, chaweza kutoa kahawa mbili zisizofahamiana.

Meza ya kuonjea imebuniwa ili kuyatenganisha haya. Utaratibu wa kimataifa wa kahawa maalumu unataka gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 150 za maji, na vikombe vitano kwa kila sampuli. Vitano, kwa sababu punje moja iliyooza itaharibu kikombe kimoja na kuviacha vinne, nawe utajua kwamba kasoro iko kwenye uchambuzi, haiko kwenye shamba zima. Kahawa hukaangwa kidogo tu, hadi rangi ya hudhurungi, na kupumzishwa saa nane hadi ishirini na nne. Maji yenye joto la nyuzi 93 hivi humiminwa moja kwa moja juu ya unga. Ganda nene huelea. Baada ya dakika nne mwonjaji huinama hadi pua iguse mvuke, anasukuma ganda kwa mgongo wa kijiko mara tatu, na harufu iliyofungiwa chini inamtokea yote kwa mara moja: maua, sukari guru, au gunia. Ni nafasi moja tu kwa kila kikombe. Povu likishaenguliwa anangoja, kwa sababu ulimi uliochomwa hausikii kitu, halafu anafyonza kijiko kwa kishindo kisicho na adabu ili kahawa itawanyike mdomoni kote. Anatema. Anarudia ikiwa vuguvugu, kisha ikiwa imepoa. Kahawa mbovu huficha aibu yake ikiwa ya moto, ikipoa, inasema. Kahawa nzuri ya Meru huwa tamu zaidi inapopoa, na uchachu wake hubaki safi kama wa zambarau zilizoiva, ukifuatwa na wepesi unaokumbusha chai ya rangi.

Alama hutolewa kwa mia, na inayofika 80 huitwa kahawa maalumu. Alama hizo ni dhaifu sana katika kulinganisha miaka. Aliyeipa kahawa 84 mwaka juzi huenda leo ameonja nyingi zaidi, amekuwa mkali zaidi, au ana mafua. Maelezo yanadumu kuliko namba: "chungwa bivu, uzito wa wastani, inaishia ukavu kidogo" bado yana maana baada ya miaka mitano. Tangu 2023 chama cha kimataifa cha kahawa maalumu, SCA, kimeanzisha mfumo unaotenganisha kuieleza kahawa na kuipenda, na kwa kazi hii ya misimu naona ni mabadiliko mema.

Kuna jambo jingine ambalo wakazi wa Arusha hulipuuza: maji. Maji mengi ya ardhini kuzunguka Meru yametoka kwenye miamba ya volkano yakiwa na floraidi nyingi, kiasi kwamba kituo cha utafiti wa kuiondoa kilijengwa Ngurdoto. Maji hayohayo mara nyingi yana bikaboneti kwa wingi, na bikaboneti huzima asidi. Kahawa yenye uchachu wa chungwa, ikitengenezwa kwa maji ya kisima cha namna hiyo, hutoka bapa na yenye chaki, kisha mnywaji anaulaumu msimu. Waonjaji hupendelea maji yenye madini karibu miligramu 150 kwa lita na ualkali wa karibu 40. Soma lebo ya chupa ya maji unayonunua dukani, chagua yenye bikaboneti kidogo, na usibadilishe chapa katikati ya ulinganisho. Mnywaji wa wiski ya pipani huamua mwenyewe matone mangapi ya maji aongeze. Katika kikombe cha kahawa, maji ni zaidi ya asilimia 98.

Kabla ya kutoa hukumu juu ya mwaka, kuna mitihani miwili ambayo mimi naidai. Wa kwanza ni wa vikombe vitatu: viwili vya kahawa moja, kimoja cha nyingine, vyote vimewekewa namba na mtu mwingine. Tafuta kilicho peke yake. Kwa kubahatisha tu utapata mara moja kati ya tatu, kwa hiyo rudia mara kadhaa. Usipoweza kukipata, hizo habari za mwaka bora na mwaka mbaya ziache. Wa pili ni mgumu zaidi na wengi huukwepa. Onja mafungu kadhaa ya msimu mmoja kutoka chama kimoja cha ushirika: la Agosti, la Septemba, la Novemba. Tofauti kati ya mafungu hayo ikizidi tofauti kati ya misimu miwili, basi unachokiita mwaka ni kichanja cha fulani.

Ugumu mwingine ni kwamba kahawa nyingi ya Meru hupoteza jina ikiwa njiani. Japani, ambako inapendwa, arabika ya Tanzania isipokuwa ya Bukoba inaruhusiwa kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro, na mchanganyiko wenye asilimia 30 tu ya kahawa hiyo unaweza kubeba jina hilo. Mnywaji wa Tokyo hawezi kulinganisha misimu ya mlima asioujua. Sisi tunaoutazama kila asubuhi tunaweza, ila pakiti nyingi madukani kwetu zinaandika tarehe ya mwisho wa matumizi tu, bila msimu wala tarehe ya kukaanga. Muulize muuzaji vyote viwili. Asipojua, nenda kwa anayejua.

Kwa anayetaka kulifanya hili nyumbani, dawa ya kuchakaa ni friza. Mkaangaji George Howell wa Massachusetts amekuwa akigandisha kahawa isiyokaangwa kwa miaka mingi, na ikitolewa hukaribia sana ilivyokuwa mpya. Nunua robo kilo ya kahawa mbichi iliyokobolewa karibuni, ya shamba moja au ushirika mmoja, igawe katika mifuko midogo iliyotolewa hewa, andika kijiji, mwezi wa kuchumwa na msimu, kisha uigandishe. Msimu ujao nunua tena pale pale, mwezi uleule. Toa mfuko wa zamani na uuache ufikie joto la chumba kabla ya kuufungua, la sivyo unyevu wa hewa utatua juu ya punje baridi. Kaanga zote mbili siku moja, kwenye kikaangio kimoja, na umwombe mtu mwingine aandike namba kwenye vikombe.