Joto la jangwani hupumbaza kabla ya kuangusha

Majuzi kijana mmoja mfanyakazi wa benki alikuja kliniki kuomba tembe za kuzuia malaria. Alikuwa amepata likizo ya siku saba na alikusudia kuendesha gari peke yake kutoka Nairobi hadi Ziwa Turkana, akipitia Marsabit na Jangwa la Chalbi. Nilimpa tembe, kisha nikamwuliza atabeba maji kiasi gani. Akanijibu kwamba ana kreti mbili za soda na chupa chache za maji.

Safari yenyewe simlaumu. Ukishatoka Isiolo unaliona jabali la Ololokwe, halafu milima ya Ndoto, kisha msitu wa Marsabit na mashimo yake makubwa yaliyoachwa na volkeno. Mbele yake kuna Chalbi, sakafu ya ziwa la kale lililokauka, nyeupe kwa chumvi hadi macho yanapokoma. Mwisho wake ni Ziwa Turkana, ziwa kubwa zaidi duniani lililo jangwani. Siku hizi lami inapita Marsabit hadi Moyale, na nadhani lami hiyo ndiyo inayowadanganya watu wa mjini wakafikiri kwamba jangwa nalo limetengenezwa.

Hebu tuangalie mwili unavyofanya kazi. Joto lake la kawaida ni karibu nyuzi 37. Linapopanda, damu hupelekwa kwa wingi kwenye ngozi, jasho hutoka, na jasho hilo linapokauka huondoka na joto. Mtu anayefanya kazi kwenye jua kali anaweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa moja, au hata zaidi.

Ukiwa Mombasa, shati huloa na unajua kwamba unatoka jasho. Chalbi hewa ni kavu na upepo ni mkali, kwa hivyo jasho hukauka papo hapo. Ngozi ni kavu, shati ni kavu, nawe waamini kwamba hupotezi chochote. Dalili pekee huenda ikawa madoa meupe ya chumvi kwenye kola. Usingoje kiu nayo, kwa maana aghalabu hufika baada ya mwili kupoteza asilimia 1 au 2 ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo inakaribia lita moja na nusu.

Yako mambo mengine yanayomghilibu mtu wa Nairobi. Mwili huhitaji juma moja hadi mawili kuzoea joto, lakini gari hukuteremsha kutoka kwenye baridi yetu hadi Chalbi, ambako ni chini ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, kwa muda wa siku mbili tu. Mji wa Marsabit, ambao huamka na ukungu, hukufanya uvae koti asubuhi. Saa chache baadaye uko kwenye tanuri.

Hatari iliyo kubwa kwa anayesafiri peke yake ni kwamba ubongo huathirika mapema. Mtu huanza kuwa na hasira, kuumwa na kichwa, kichefuchefu na kufanya maamuzi ya kipumbavu, naye haoni kasoro yoyote. Joto la mwili likifika nyuzi 40 na zaidi, huweweseka, hupepesuka, hupata kifafa au huzirai. Wakiwa wawili, mmoja atamwambia mwenzake, "Wewe, hauko sawa." Aliye peke yake atategemea ubongo uleule uliokwisha kuharibikiwa.

Nasema hivi kwa kuwa yalinipata mimi, daktari mzima. Miaka kadhaa iliyopita nilipata pancha baina ya Kalacha na North Horr, saa saba mchana. Maji nilikuwa nayo tele, lakini nilijiambia nitakunywa nikimaliza. Nilihangaika na nati moja kwa muda mrefu, nikiitukana, hata akatokea mzee mmoja Mgabra na ngamia wake. Aliniangalia kidogo akasema, "Kijana, wacha hiyo. Kaa hapa." Akanionyesha kivuli cha gari. Niliudhika sana, lakini nikaketi nikanywa. Baada ya kama nusu saa ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikiizungusha spana kuelekea upande wa kukaza.

Kwa hivyo usiuachie ubongo wako uamuzi. Uamue ungali Nairobi. Beba lita 10 za maji kwa kila siku ya safari, na za siku mbili zaidi, mbali na maji ya rejeta. Weka kengele ya saa ikukumbushe kunywa. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokoza, umechelewa. Maji matupu kwa wingi nayo hupunguza chumvi kwenye damu, jambo ambalo pia huvuruga ubongo, basi kula chakula chenye chumvi na ubebe pakiti za dawa wapewayo watoto wanaoharisha. Ukizikosa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi. Pombe iache. Miraa pia, kwa sababu hupandisha joto la mwili na kukuondolea uchovu ambao ungekuonya. Ikiwa unatumia tembe za presha zinazokojoza, au dawa za mafua na mzio, ambazo baadhi yake hupunguza jasho, mwone daktari kabla ya kuondoka. Usiziache kwa hiari yako.

Mwachie mtu ratiba yako na saa ambayo, usipopiga simu, ataanza kukutafuta. Simu nyingi hazishiki huko.

Gari likikwama, usiliache. Huonekana kwa mbali kuliko mtu. Usikae ndani mchana. Keti kivulini juu ya kiti au gurudumu la akiba, maana mchanga una joto kuliko hewa iliyo juu yake. Kazi ya jeki na koleo ingoje jioni.

Ukimkuta mwingine amezidiwa, mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima na umpepee bila kukoma huku msaada ukitafutwa. Aliyezirai asinyweshwe kitu. Panadol haisaidii hapa, kwa kuwa joto hili si homa.

Na ukisharudi mjini, ukiona mkojo umekuwa mchache au una rangi ya kola, nenda hospitali siku hiyohiyo ukapimwe figo. Homa nayo ipimwe malaria, hata kama ulimeza tembe zote.